Daftari la Kageha

Julai, hati yangu ya mshahara ilinenepa
kwa shilingi elfu moja mia tatu na arobaini.
Kodi imekatwa.
Nikanunua kilo ya nyama pale Burma,
nikaifuata Jogoo Road kama mtu aliyesamehewa.

Hazina, ghorofa ya kumi na nne,
Bwana Musyimi alinifafanulia huku akikoroga chai:
"Mtoto mlafi hahubiriwi.
Mnyime senti za mfukoni,
mwenyewe ataacha peremende."
Akacheka. Nami nikacheka. Hesabu ilikuwa nzuri,
imesimama wima ukutani kama kalenda.

Mtoto hakuacha peremende.
Alivuka barabara hadi dukani kwa Kageha,
akasema: andika.
Jina la nani?
La baba.
Kesho yake tena: andika.
Sasa na soda, na viatu vya raba, andika, andika.
Alipolipa taslimu aliuliza bei.
Anayekopa haulizi.

Mimi ndimi niliyechapa jedwali, najua.
Mstari wa magari haukupungua.
Mstari wa safari haukupungua.
Mstari wa riba ulipanda usiku na mchana,
hauna sikukuu, hauna mgomo, haujui mafua.
Vilivyopungua ni vitu visivyo na mtu wa kuvipigia simu:
glavu za zahanati kule Dandora,
chaki,
balbu ya taa iliyo nje ya stesheni ya Makadara,
na Nyaboke, mkunga wa zamu ya usiku,
ambaye kandarasi yake haikutiwa sahihi tena.

Mke wangu alijifungua Februari.
Glavu tulinunua wenyewe, jozi sita,
na pamba, na uzi, na wembe,
na tochi, maana stima nayo ilikuwa na mambo yake.
Nikajumlisha nyuma ya risiti (ni ugonjwa wa kazi):
ile elfu moja mia tatu na arobaini
iliisha mara tatu
kabla mtoto hajalia.

Kukopa harusi, kulipa matanga, tuliambiwa.
Hatukuambiwa
harusi yaweza kuwa ya huyu
na matanga ya yule.

Musyimi amestaafu. Kalenda imebaki ukutani.
Binti yangu amelala, ngumi kafumba
kama aliyeshika sarafu.
Mimi na mama yake bado hatujakubaliana jina.
Dukani kwa Kageha
limeshaandikwa.