Safu ya Tatu

Fomu ilifika Machi, tope likiwa magotini,
imekunjwa mara nne mfukoni mwa sare:
safu tano za masomo, na chini yake
herufi ndogo kama chawa wa kuku,
katika kila safu, chagua moja.

Nilikuwa zizini, mkono hadi begani
ndani ya mtamba aliyehangaika kuzaa,
nikipapasa gizani, nikitafuta kwato mbili.
Sorcha akasimama mlangoni na kalamu.
Baba, sahihi. Basi linapita saa mbili.
Nikajifuta kwa konzi ya majani makavu,
nikasaini juu ya boneti ya trekta.
Sikusoma. Doa la damu likakauka pembeni,
na shule ikaipokea hivyo hivyo.
Ndama alitoka mzima. Siku ile nilijihesabu mshindi.

Safu ya tatu ilikuwa kemia, au muziki.
Nilipomwuliza baadaye, baadaye sana,
hakunipa hadithi ya kipaji wala wito.
Maabara ilikuwa baridi, alisema.
Chumba cha muziki kilikuwa na hita.
Na Dervla alikuwa huko.
Miaka kumi na mitano! Katika umri huo
nani amwambie mtu kwamba joto lina bei,
na ankara yake huletwa baada ya miaka miwili na ushei?

Ililetwa Oktoba.
Bi Concepta Duignan, mshauri wa masomo,
alitumiminia chai, akaigeuza kompyuta ituelekee.
Udaktari wa mifugo. Alama: atazipata.
Hesabu ya ngazi ya juu, ile karatasi ya waridi
iliyowatoa wenzake jasho wakaikimbilia ya buluu: anayo.
Kemia.
Bi Concepta hakusema neno. Alikoroga chai
ambayo hakuwa ameitia sukari.

Mtoto aliyezalisha ng'ombe tisa
kabla hajajua kuendesha gari,
anayeijua homa ya ndama kwa kushika sikio tu!
Mlango haukumfungia kwa ujinga wake.
Umemfungia kwa tiki moja,
na chini ya tiki, jina langu.

Kule Dublin, nasikia, wazazi huisoma fomu
kama warithi wasomavyo wosia.
Mimi, hapa Leitrim, nilidhani shule ni hori:
mimina chochote, mtoto atakula, atanawiri.
Hakuna aliyeniambia yako malisho
ambayo usipoyapanda kwa wakati wake
huyakuti hata ukiwa na ng'ombe bora wilayani.

Sasa jedwali la elementi limebandikwa zizini
kati ya ratiba ya chanjo na kalenda ya kiwanda cha maziwa.
Bwana Tiernan, mwalimu mstaafu, huja Jumamosi
kwa malipo ya mayai na mzigo wa kuni.
Somo la miaka miwili ndani ya miezi minane.
Alfajiri namsikia akiwasomea ng'ombe:
iodini, hamsini na tatu,
nao wanacheua, wanafunzi wasiobisha.
Nami nimeanza kusoma vibandiko vya chupa za dawa
nilizozimimina miaka thelathini kwa kukadiria.
Mtihani ni Juni. Sijui.
Majuto, wasemavyo, ni mjukuu;
wangu amezaliwa kabla sijamwoza binti.

Jana Muirenn, mdogo wake, alinijia na fomu.
Nilikuwa na kazi. Kazi haikosi.
Nikamwambia subiri, nikaenda bombani,
nikanawa kwa sabuni hadi viwikoni,
nikavaa miwani, nikaketi mezani
na kidole kikashuka safu baada ya safu.
Sikumwuliza kila somo linafungua nini.
Nilimwuliza linafunga nini,
naye akanitazama kama mtu aliyeulizwa umri wa mvua.
Kisha, kabla sijaigusa kalamu, swali la mwisho:
hita ziko vyumba vipi?