Macho Tu

Mto Okavango, juu kidogo ya Sepopa,
na betri ya lori katikati ya magoti yangu.
Tindikali ilikula suruali mbili mwaka ule.
Mama alishona viraka, akauliza
ni kazi gani hii inayomla mtu kuanzia mapajani.

Nilikuwa mshika taa.
Munika nyuma na upondo, Bwana Lourens mbele na bunduki,
na mimi kati yao, miaka kumi na saba,
nikifagia ukingo kwa mwanga, polepole,
kama mtu anayetafuta sindano
katika nyumba isiyo yake.

Kwanza huoni kitu. Mafunjo. Mafunjo tena.
Kisha kaa moja la moto juu ya maji,
jekundu, lisilopepesa,
na unajua nyuma ya kaa hilo
kuna futi kumi na mbili za kimya.

Siri ya taa ni hii, nawapa bure:
aliye mbele yake haoni ila mwanga.
Haoni bunduki, haoni mtumbwi,
haoni goti langu linavyotetemeka.
Labda anadhani mwezi umeshuka kunywa.
Risasi hupita kidole kimoja nyuma ya jicho.
Ukikosea anazama, umepoteza vyote,
kwa hiyo kabla moshi haujatawanyika
Munika amekwisha kurusha chusa
na kamba inamchuna viganja.

Usiku mmoja, kumi na wanane.
Nakumbuka kwa sababu chumvi iliisha.

Alfajiri, visu vifupi.
Tumbo ndilo lililonunuliwa, tumbo tu;
mgongo tuliwaachia tumbusi.
Bwana alipitisha futi ya mshonaji juu ya ngozi laini,
akaandika inchi, akawasha sigara.
Watu husema machozi ya mamba.
Nimezitia chumvi ngozi mia tisa na ushee:
machozi niliyoyaona yalikuwa yangu,
chumvi ikiingia kwenye mikato ya vidole.

Na Munika.
Dada yake, Kapande, alichukuliwa akichota maji
mwaka wa mafuriko makubwa, na bangili yake ya shaba.
Kila tumbo tulilopasua
aliingiza mkono hadi kwenye kiwiko
kabla mtu hajaruhusiwa kucheka.
Alitoa kwato ya swala. Magamba ya kobe.
Alitoa mawe ya mto, laini, saba kwa mpigo,
akayapanga mchangani, akayatazama.
Bangili hakuipata.
Nadhani ndiyo sababu hakuacha kazi
hata inchi zilipopungua,
hata usiku kucha taa ilipofagia
ukingo mzima bila kaa hata moja,
na Bwana Lourens akauza mtumbwi, akarudi kusini.
Munika alikufa kwa kifua. Kitandani, mahali pakavu.

Mwaka jana alikuja binti wa serikali, Boitshepo,
na boti ya injini, akitafuta mzee anayezijua kingo.
Akanipa taa nyepesi kama yai,
betri imo humo humo.
"Hatuui, mzee. Tunahesabu."

Kaa moja. Mawili. Nikamwambia: futi tisa.
Futi sita. Huyo mtoto wa mwaka huu.
Wengine huzama kabla sijawapima,
na hao anawaandika kwa maneno mawili:
macho tu.
Macho tu, macho tu, ukurasa mzima.
Na kila mwanga ulipotulia juu ya jicho
bega langu la kushoto lilijikunja lenyewe
likisubiri mlio.

Kwenye kona ya Kapande alikuwapo mmoja, mkubwa.
Hakuzama. Alinitazama,
au alitazama mwanga, sijui, sijapata kujua.
Nikazima.
Tukakaa pale, mto ukipita chini yetu,
kwa mara ya kwanza siko nyuma ya kitu.

Boitshepo akauliza kama betri imekwisha.
Nikasema ndiyo.