Pembetatu Haina Katikati

Jenereta ya kiwanda pale Newala ilifungwa delta
mimi sijazaliwa. Waya tatu, basi.
Nyekundu, njano, buluu,
kila mbili mia nne kati yao,
na mota zilizunguka msimu hadi msimu bila kinyongo:
mota haiulizi njia ya kurudi nyumbani,
hula pande zote tatu kwa mkupuo.

Taa huuliza.
Taa ni ya volti mia mbili thelathini,
na delta haina waya wa nne wa kuipa.

Fundi Chilumba, aliyenitangulia, alicheza ujanja:
alizifunga taa mbili mbili, kama maharusi,
mia nne zikagawanywa, mia mbili huku, mia mbili kule.
Ziliwaka kwa unyonge, lakini ziliwaka.
Moja ikifa, mwenzake naye kiza,
na wabanguaji wa meza mbili hukaa mikono mitupu
wakinusa moshi wa maganda
hadi ngazi ipatikane.

Mwaka ule globu moja iliungua, ya wati sitini.
Nyapara Mkanjauka alikuta dukani ya mia mbili.
"Heri hii," akasema, "mwanga zaidi."
Hakujua kuwa katika ndoa ya namna ile
mnene hudokoa tu,
mwembamba ndiye hubebeshwa volti.

Ile ya sitini iliyobaki iling'aa nyeupe kama jino
ikapasuka juu ya meza ya Somoe Nampunju.
Chembe za kioo ndani ya korosho.
Kilo kumi na moja, nzima, daraja la kwanza,
zikamwagwa shimoni,
na kwenye daftari la malipo, mbele ya jina lake, sifuri.

Ndipo nikaitwa. Nilifika na mita yangu
ukungu haujaondoka kwenye mabati.
Nyapara alinionyesha nondo aliyoipigilia sakafuni:
"Shika fezi moja, upande wa pili ardhini. Kazi ya nusu saa."
Nikapima fezi na ardhi: mia mbili na kumi.
Nikanywa chai. Nikapima tena: mia na sabini.
"Namba hii haina mwenyewe," nikamwambia.
"Jenereta yako haijafungwa popote na ardhi.
Siku fezi moja ikigusa bati,
mbili zilizobaki zitaidai sakafu mia nne,
na hapa watu huketi peku."

Akasema, binti, unapenda maneno.

Nikaokota mkaa, nikamchorea mafiga matatu.
"Hii jenereta. Chungu juu yake, mota.
Nionyeshe figa la nne."
Akatazama. Akainama, akatazama tena.
"Halipo."
"Basi tulijenge."

Transfoma ilitoka Mtwara kwenye lori la magunia matupu.
Mdomo wake ni delta, hupokea zile tatu kama zilivyo;
tumbo lake ni nyota,
koili tatu zimeshikana mikono katikati,
na pale zinaposhikana nikatoa waya mweusi,
nikaukaza kwa ardhi hadi spana ikagoma.
Nyutro. Mahali pa kurudi.
Taa thelathini na sita, kumi na mbili kila fezi:
meza hii nyekundu, inayofuata njano, kisha buluu,
halafu tena, halafu tena,
ili fezi ikikatika kiza kisimlalie mtu na jirani zake wote.

Saa moja usiku nikainua swichi.
Hakuna aliyepiga kigelegele. Walianza kubangua.
Somoe alivigeuza vidole vyake chini ya mwanga,
vyeusi kwa mafuta ya ganda, kucha mbili zimelika,
kama anayeviona mara ya kwanza.
Kisha akaniuliza, si kwa sauti kubwa:

"Fundi, na zile kilo kumi na moja,
zitarudi kwa waya upi?"

Nilimtazama nyapara.
Nyapara alitazama jenereta.