Hesabu ya Madumu

Juma la tatu sasa mifereji ya Kibokoni yakohoa hewa.
Jumatatu dumu shilingi ishirini, Jumatano hamsini,
na leo Chengo amesimamisha mkokoteni chini ya roshani yangu
akitaja mia bila kupepesa macho.

Miaka thelathini na mmoja nimefundisha jometri Tudor.
Nikashuka na kipande cha chaki mfukoni;
mkono haujazoea kustaafu.

"Nithibitishie, mwalimu," asema, "kwamba nakosea.
Usinitajie moto wala pepo, hayo nina pa kuyasikia.
Nataka kama pembetatu zako: mwanzo, kati, hivyo basi."

Nikachora mlangoni.
Nikasema: usilotaka kutendewa, usitende.
Akasema: nina mkokoteni, na kisima cha shemeji Kisauni. Nani wa kunitenda?
Nikasema: wateja watakukumbuka.
Akasema: mfereji ukitema tone la kwanza, watasahau hata jina langu.
Nikasema: na kila mtu akifanya hivyo?
Akacheka, akapangusa jasho kwa ncha ya shati:
"Si kila mtu, mwalimu. Ni mimi tu. Na ni leo tu."

Nikafuta. Nikachora upya. Chaki ikaniishia kidoleni,
na mlango uliochongwa maua na fundi asiyejulikana
ukabaki na mifupa ya hoja isiyo na nyama.

Hapo akatokea Mwanasiti, mjukuu wa Bi Mejumaa,
mbio, kichwa wazi.
Akasema neno moja: "Bibi."
Kisha la pili: "Maji."

Chengo hakuuliza. Yeye Jumapili hutikisa kayamba kanisani,
na marehemu hakuwahi kumwita ila "wewe wa maji".
Akainua mawili, akapanda ngazi ya giza,
akayatua nje ya chumba cha waoshaji, akashuka, akapanda tena.
Madumu saba. Niliyahesabu, ndiyo kazi ninayoijua.
Mia saba. Hakuitaja.

Aliporudi nikamwambia, kwa uchungu kidogo, nakiri:
"Haya, nithibitishie wewe."
Akanitazama kama niliyemuuliza kwa nini maji hulowesha.
"Hili halithibitishwi. Hapa ndipo pa kuanzia."

Nami ndiye niliyewaambia watoto elfu na ushei
kwamba kati ya nukta mbili hupita mstari mmoja tu ulionyooka,
na Swafiya wa dawati la nyuma alipouliza "kwa nini?"
nilimwambia akae.

Lakini sikumwacha. Ualimu ni maradhi.
"Ikiwa maiti hauziwi," nikasema, "basi mtoto wa Bakathiri,
orofa ya pili, anayehara tangu juzi, ambaye bado yu hai..."
Akashika mpini wa mkokoteni. Akauachia.
Akatazama juu, dirisha lenye pazia la kijani.
"Mwalimu, wanitia hasara."
"Si mimi. Ni hivyo basi."

Akashusha moja. Baada ya kitambo, la pili.

Siku zote nilidhani mantiki ndiyo itakayochimba kisima.
Kumbe haina sululu. Ina magurudumu mawili,
moja linalia, na huyatoa maji mlango huu hadi ule
akipatikana wa kusukuma.

Mimi aliniuzia kwa mia. Nikalipa.
Nilipotaka hoja, akasema: una pensheni.
Hilo sijalipatia jibu,
na pembetatu ingali mlangoni, mvua haijaja kuifuta.