Safu

Ofrina Tweve ameniletea kiberiti.
Ndani hamna njiti. Kuna choo cha Lutengano,
miezi kumi na minne, chepesi, cha kijani,
kinachonuka kama yai lililosahauliwa na kuku.
Ameteremka nacho tangu alfajiri,
mtoto mgongoni, kiberiti mkononi,
na sakitu bado nyeupe juu ya viazi.

Umeme umekatika tangu juzi.
Hadubini yangu ina kioo chini, cha kuombea jua,
na jua la Makete mwezi wa saba
huja kazini likijisikia.
Basi tunangoja: mimi, yeye, na ukungu dirishani.

"Bibi yake anasema ni meno ya plastiki.
Kuna mtu ng'ambo anayang'oa kwa spoki ya baiskeli."
Na kwa kuwa sijajibu:
"Sijampeleka."

Nafinya ngozi ya tumbo la mtoto, naachia.
Inabaki imesimama, mkunjo mdogo,
kama shuka lililoinuliwa na mtu
akasahau alikuwa anatafuta nini.
Utosi umedidimia. Analia,
lakini kilio kikavu, cha bawaba.

Nesi Enelika anakoroga chumvi ya pakiti
kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa jana.
Kijiko. Ngoja. Kijiko.
Ametapika. Hesabu dakika kumi.
Kijiko.

Saa tano ukungu unapasuka.
Naweka tone, nafunika, nafumba jicho moja,
na hawa hapa:
wanadondoka, wanadondoka,
jani ambalo halifiki chini.
Natia ayodini, wanatulia. Wana uso.
Chuoni hakuna aliyenionya kuhusu hilo,
macho mawili yakinitazama kutoka mavini.

"Jiadia," namwambia. "Yumo kwenye maji."
"Maji yetu? Yanayouma meno kwa baridi?
Mdudu gani ataishi humo?"

Nami nilikua nikiamini hivyo,
nikipiga magoti chemchemini, nikinywa kama ndama.
Baridi haimuui. Baridi inamtunza,
kama sisi tunavyotunza viazi vya mbegu gizani.

Na huyu angalau ana uso.
Juma lililopita, mtoto wa kina Ngailo:
niliona damu, niliona usaha,
mwenye kosa sikumwona.
Bakteria hupita chini ya uwezo wa kioo changu
akaacha nyayo nyekundu tu.
Niliandika, *Vimelea: havikuonekana.*
Mstari wa chini yake nikaandika damu.
Baba yake alisoma mstari wa kwanza,
akashukuru, akambeba mtoto, akaondoka.
Nilikuwa ghala nikitafuta slaidi.

"Chemsha maji," namwambia Ofrina,
na neno linatoka jepesi mno,
kama la mtu ambaye kuni hukatiwa na wengine.
Anatazama kiberiti chake mezani.
"Moto wangu ni mmoja," anasema.
"Nikichemsha maji, viazi vinalala vibichi.
Nikipika viazi, ndiyo haya."

Daftari langu lina safu ya jina,
ya umri, ya kijiji, ya sampuli, ya matokeo.
Nalitazama muda mrefu kuliko linavyohitaji.

Saa tisa Lutengano anakipiga kijiko,
kinaruka, kinalia sakafuni.
Anageuza uso, anakasirika, anapiga kelele,
na safari hii mashavu yanalowa.
Ofrina anayagusa kwa kidole gumba,
anakionja. Haniambii kitu.
Enelika anaokota kijiko, anageukia ukutani
kukiosha zaidi ya kinavyostahili.

Nashika kalamu. Safu ya machozi haipo.
Iliyopo ni ile ya nje, ya milima,
buluu sasa, imeoshwa na jua,
ikitushushia maji usiku na mchana,
safi kwa macho.

Kiberiti chake nakitupa shimoni.
Nampa changu, chenye njiti kumi na saba.
Nilizihesabu.