Tangazo la Tatu

Mimi ndiye niliyesoma, kanisani Jilore,
Jumapili mbili mfululizo, mwaka wa arobaini:
Yaredi Changawa, mseja wa hapa,
na Priskila Nyevu, binti wa mzee Ngonyo.
Mara ya kwanza. Mara ya pili.
Kabla ya ya tatu likaja lori la serikali na karani wake,
na jina lile nililolisoma kwa sauti ya ndoa
akalisoma yeye kwa sauti ya Keya.

Tangazo, kwa kanuni, halikai: miezi mitatu, limeoza.
Nilimweleza Nyevu. Akanitazama
kama muuza sukari aliyepunja mizani.
"Basi lisome upya, Mwalimu. Mara mbili, kisha unyamaze.
Ya tatu ni yake. Ataisikia mwenyewe."

Nikasoma. Kila robo mwaka, mara mbili, nikanyamaza,
hata watoto wakalijua kwa ghibu
wakaliimba wakiruka kamba.
Wazee wa kanisa walinung'unika.
Mmoja akaniuliza, mbona humkatalii?
Nilikuwa mjane, na nyumba yangu ilikuwa na giza pembe zote nne.
Sikumjibu.

Ndege za Mtaliana zilipoangusha mabomu Malindi
tukaamriwa kuziba mwanga wa madirisha.
Kanisa halikuwa na kitambaa. Nyevu akaleta gauni lake,
marekani nyeupe lililokuwa likingoja harusi.
Akalifumua, akalivuruga katika pipa la masizi,
akalipigilia misumari kwa mkono wake.
Sala ya jioni tukaisali
ndani ya gauni.

Barua zikaja kutoka Bama zikiwa na matundu:
mkasi wa mkaguzi umekula majina ya mito.
Chini kabisa Yaredi aliandika sura na aya, namba tupu,
naye mkaguzi, akidhani ni siri ya vita,
akazikata pia.
Basi Nyevu akasoma Biblia nzima.
Huenda ni hii, akaweka jani la mkorosho.
Huenda ni hii.
Kitabu kikavimba kama mkate.

Alirudi msimu wa simsim, kwa miguu toka Malindi,
na koti la jeshi, na vidole viwili pungufu.
Hakupenda kushikwa mkono.

Jumapili ya tatu nikasoma hadi mwisho:
yeyote ajuaye kizuizi, na aseme.
Kikohozi cha Mama Dzame. Mbuzi nje.
Akasimama Yaredi.
"Ninacho mimi. Kule kulikuwa na mvulana,
anateka maji. Sikuamriwa.
Niliogopa tu.
Mkono huu usivishwe pete."

Nikapekua kanuni kama mtu atafutaye ufunguo gizani.
Naungama: moyo wangu ulidunda mara moja, vibaya, kwa tumaini.
Mungu alisikia, ndiyo maana nasema.

Nyevu akainuka upande wa wanawake,
akavuka katikati, jambo ambalo hatukuwahi kuliona,
akamfungulia Biblia iliyovimba.
"Nionyeshe. Ilikuwa ipi?"
Akatafuta. Akatafuta mno, majani yakimwangukia miguuni.
Mwishowe akaweka kidole kimojawapo kilichobaki
kwenye ukurasa usio na jani hata moja.
Nyevu akasoma, midomo ikicheza.
"Hapa nilipita," akasema. "Sikudhani ni mimi."
Kisha, bila kugeuka:
"Mwalimu, kizuizi kimesikiwa. Kiandike.
Halafu endelea."

Nikakiandika. Kimo daftarini hadi leo,
kati ya majina yao mawili, kwa wino wa bluu.

Mapazia tuliyashusha wiki iliyofuata.
Akina mama waliyafua mara tano; masizi hayakutoka yote.
Akaolewa na gauni la rangi ya njiwa
lenye matundu ya misumari mabegani,
na kila alipopita dirishani
jua lilimwingia kwa ncha ndogo ndogo.