Likizo ya Mahakama

Agosti majaji huenda likizo, na sisi makarani
tunabaki na funguo, vumbi na nusu siku.
Mwaka huu niliapa, bila Biblia na bila hakimu:
riwaya kumi na moja za upelelezi, zisizo na mapenzi mengi,
kabla Septemba haijapiga hodi Kakamega.

Andayi aliniuzia zote, ukutani pa posta,
hamsini hamsini, na moja ya bure iliyoonjwa na mchwa.
"Mama Masjala," akasema, "hii haina jalada."
Nikamwambia sinunui jalada, nanunua muuaji.

Dada yangu Jentrix, akimenya viazi vitamu:
"Mwaka mzima unashinda na kesi za maiti,
likizo ikija unanunua maiti wengine kwa pesa zako?"
Sikumjibu. Nilikuwa ukurasa wa thelathini,
na mpishi alikuwa ameanza kudanganya.

Saa tisa mvua yetu hufika kama shahidi aliyelipwa nauli,
haikosi, ikirudia neno lile lile juu ya mabati
hata redio ya jirani ikanyamaza.
Hapo najifunika blanketi, chai ya tangawizi kando,
na daftari magotini, ambamo naandika
ninayemshuku, na saa niliyoanza kumshuku.
Cha kwanza nilikosa. Cha pili nilikosa.
Cha tatu nikamnasa daktari kwa viatu vyake:
vikavu, usiku wa gharika. Nilipiga kofi, paka akatoroka.
Cha sita sitaki kukitaja. Mwandishi alileta pacha
sura ya mwisho, na huo si upelelezi,
huo ni wizi wa mchana.

Ninachokipenda, nikikiri,
si damu wala bastola.
Ni ile sebule ya mwisho:
wote wameketi, mlango umefungwa,
na mtu mmoja anasimama, anasema, sasa nitawaeleza.

Miaka ishirini na miwili mahakamani,
sijaiona sebule hiyo.
Naona: faili haipatikani. Wakili anaugua.
Shahidi alihamia Turbo. Itajwe tena tarehe tatu.
Namwona Mama Lihavi wa Shinyalu,
ambaye mwanawe aliokotwa kando ya miwa miaka tisa iliyopita,
akija na mwavuli uliovunjika ubavu,
akiegemea dirisha langu: "Leo je?"
Nami, muhuri mkononi: "Bado, mama."
Bado.
Neno hilo halimalizi riwaya hata moja.

Kitabu cha kumi na moja kilikatikia ukurasa wa mia na themanini na nane.
Mchwa, au mtu aliyekosa karatasi ya kufungia njugu.
Sebule imejaa, mpelelezi amekohoa,
amesema, "Aliyefanya haya ni—"
kisha uzi, na gundi kavu.

Usiku ule sikulala. Nilirudi mwanzo na penseli:
nani alisema nini, nani alitoka lini, nani hakuulizwa.
Jogoo wa kwanza alinikuta nikihesabu,
na kurasa nilizozihesabu hazikuwa za kitabu tena.
Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kumi na tano.
Faili ile nimeigonga mihuri miaka tisa,
na sikuwahi kuisoma kama msomaji.

Nilifungua masjala kabla ya wafagiaji.
Rafu ya chini, pale paa linapovujia,
faili zimegandana kama chapati za juzi.
Nikazibandua moja moja kwa kisu cha siagi cha Jentrix,
kesi za mipaka, kesi za ng'ombe, talaka ya mtu aliyekwisha kufa,
na mgongoni mwa talaka, imeshika kama kupe,
karatasi moja yenye doa la maji.
Namba kumi na nne.

Sitasema ilikuwa imeandikwa nini.

Mahakama ilipofunguliwa alikuja, na mwavuli ule ule.
"Leo je?"
Muhuri niliuacha mezani.
Nikavuta viti viwili.
"Ingia, mama," nikasema. "Funga mlango."